Rubisi na Meza ya Bwana

Baba alipokufa, ndugu zake walikaa barazani kwetu na wazee wa ukoo wakagawa kibanja, shamba letu la migomba. Sehemu ya juu, yenye migomba ya matoke na kahawa, wakaichukua wao. Sehemu ya chini, kule kunakoteremka bondeni, wakampa mama. Kule chini kulikuwa na mbire tupu. Mbire ni ndizi za kukamua pombe. Ukizipika hazilainiki, na ukilazimisha kuzila mdomo wote unakauka kama umelamba majivu. Baba mkubwa alisema mimi ni mtoto wa kike, nitaolewa, na mama ni mwanamke wa kuja. Alikuwa na maana kwamba babu na bibi upande wa mama walivuka kutoka Rwanda wakafanya vibarua kwenye mashamba ya watu kule Rugu, na mama alizaliwa hapo hapo, katika kibanda cha vibarua.

"Tumekuhurumia, mke wetu," alisema. "Ukoo mwingine ungekurudisha kwenu."

"Asanteni, waitu," mama akajibu kwa neno letu la heshima, amepiga magoti.

Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikuwa mdogo lakini nilijua tofauti ya matoke na mbire, kila mtoto wa kwetu anaijua. Nilitamani mama anyanyuke awaambie jambo. Hakunyanyuka. Walipoondoka alifagia baraza, akaingia ndani, akasema kwa sauti, kama mtu anayezungumza na mwenzake aliye chumba cha pili, "Asante Mungu, hatukulala nje."

Mama alikuwa hivyo. Alishukuru kwa mvua, na mvua ya mawe ilipochana majani ya migomba alishukuru kwamba haikuvunja mashina. Nilipomaliza darasa la saba nisichaguliwe kwenda sekondari, alishukuru kwamba najua kusoma Biblia. Ilinikera sana. Niliona kama anawasaidia waliotuonea. Mtu akikunyang'anya halafu ukamshukuru Mungu kwa kilichobaki, yule mtu analala usingizi mzuri. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na sijaacha kabisa kufikiri hivyo.

Sasa, mbire utazifanyia nini? Tuliuliza hilo, mama na mimi, tumesimama katikati ya migomba yetu. Jibu ni moja tu. Utakamua rubisi.

Lakini kwetu mwanamke haingii kwenye mtumbwi wa kukamulia. Ule mtumbwi ni gogo lililochongwa tumbo, na ndizi mbivu hukanyagwa humo kwa miguu ya wanaume. Wanasema mwanamke akikanyaga, mramba, yaani maji ya ndizi, hautoki. Mama alihitaji wanaume, na wanaume wa ukoo wa baba hawakutaka hata kuonekana kwetu. Basi walikuja wengine watatu. Wa kwanza alikuwa Mrundi mrefu aliyekuwa akilima vibarua kwa watu. Wa pili alikuwa mzee mwenye kigugumizi, hana mke, anaishi ng'ambo ya bonde. Wa tatu alikuwa kijana mmoja mnene kutoka Mabira aliyekuwa akisafirisha ndizi kwa baiskeli. Malipo yao yalikuwa kibuyu cha kwanza cha kila kukamua, na kucheka.

Ndizi zilifukiwa kwenye shimo lililotandazwa majani makavu, tukafukiza moshi, tukaziba. Zikishaiva tulizimenya, tukazimwaga ndani ya mtumbwi pamoja na nyasi ndefu, wanaume wakanawa miguu wakapanda. Wakishapanda hawasemi kitu cha maana mpaka mwisho. Kabla hawajaanza mama aliinamisha kichwa akaombea zile ndizi.

"Mama, ombea na miguu yangu," kijana wa Mabira akasema. "Jana ilipita kwenye zizi la mtu."

"Miguu yako haihitaji maombi, inahitaji maji. Shuka ukanawe tena."

"Nimenawa, mama!"

"Umelowesha. Kunawa hujanawa."

Mrundi alicheka mpaka akashika ukingo wa mtumbwi. Naye akashuka, akanawa, ingawa yeye hakuambiwa. Mramba ulipoanza kutoka, mtamu, wa rangi ya asali, tuliuchuja, tukatia mtama uliokaangwa na kusagwa, tukafunika kwa majani. Kesho yake ilikuwa rubisi. Watu walikuja na vibuyu vyao, na sisi tukapata chumvi, sabuni, mafuta ya taa na maharage. Nguo yangu ya kipaimara ilitoka kwenye mtumbwi ule. Siku nilipowekewa mikono na mchungaji mbele ya madhabahu, nilivaa rubisi, na hakuna aliyesema inanuka.

Maneno yalianza baadaye. Kulikuwa na mzee wa kanisa, jirani yetu wa upande wa barabarani, mtu mwenye kahawa nyingi na baiskeli yenye taa. Alikuja asubuhi moja tukiwa tunachuja. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuniangalia.

"Dada," akamwambia mama, "harufu ya kazi yako inafika kanisani."

"Kanisa liko mbali, waitu. Labda unaibeba kwenye nguo zako."

Wakamuaji wakaangalia pembeni. Yule mwenye kigugumizi alianza kukohoa kikohozi cha uongo.

"Usifanye mzaha. Pombe na Meza ya Bwana havikai nyumba moja."

"Basi nionyeshe kitu kingine cha kufanya na mbire. Nikifanye leo."

"Omba. Mungu atakufungulia njia."

"Nimeomba, mzee. Njia aliyonifungulia ndiyo hii unayoikanyaga."

Mzee akatazama chini. Kweli alikuwa amesimama juu ya nyasi zenye makapi ya ndizi.

Jumapili mbili hazikupita, jina la mama likasomwa mbele ya watu. Ametengwa. Kwa asiyejua, kutengwa kwetu si kufukuzwa. Unakwenda kanisani kama kawaida, ila unakaa benchi la nyuma kabisa, na wenzako wakienda mezani kupokea mkate na divai wewe unabaki umekaa. Huwezi kusimamia mtoto kwenye ubatizo. Na ukifa kabla hujarudi kundini, ile ringi ya gari iliyotundikwa nje ya kanisa kama kengele haigongwi kwa ajili yako, na mchungaji haji kukuzika. Unazikwa tu.

Mama hakukosa Jumapili hata moja. Alikaa nyuma, karibu na mlango ambako mbuzi walichungulia, akaimba sauti ya pili kwa nguvu zake zote. Mimi nilikaa mbele na vijana nikisikia sauti yake mgongoni, na shingo yangu ikawa ya moto.

Kisha ikaja sikukuu ya mavuno. Siku hiyo kila nyumba hupeleka shukrani: maharage, kahawa, kuku, mkungu wa ndizi. Baada ya ibada vitu hunadiwa uwanjani na fedha huingia kanisani. Mama alikata mkungu wa mbire, mkubwa kuliko yote tuliyokuwa nayo, akaubeba kichwani mwenyewe. Nilimwambia asiupeleke. Nilimwambia, watakucheka. Akasema, "Nimpe Mungu matoke ambayo sina?"

Mnadishaji alikuwa yule yule mzee wa kanisa. Alikuwa hodari wa kunadi, watu walimpenda. Alipofika kwenye mkungu wa mama aliuinua kwa mikono miwili.

"Haya tazameni! Mbire hii! Ukikanyaga kidole kimoja tu, mtumbwi unafurika! Nani anapanda?"

Watu wakacheka. Mwenye kilabu cha pombe cha pale njia panda akapanda bei, mwingine akapanda, mwenye kilabu akauchukua. Aliufunga kwenye baiskeli papo hapo. Kesho yake ulikuwa shimoni, na juma lile lile ulikuwa pombe, na kanisa likapata bati.

Nilisimama pale nikingoja mtu mmoja, mmoja tu, aseme kitu. Mchungaji hakuwapo, alikuwa na mitaa mingi na kwetu alifika kwa nadra. Lakini wazee wote walikuwapo. Mbire zikitoka mkononi mwa mama zilikuwa dhambi. Zikitoka mkononi mwa mzee wa kanisa zilikuwa sadaka. Mimi sijasoma sana, lakini hesabu ile nilishindwa kuifanya na mpaka leo nashindwa. Nilitaka kupiga kelele. Mimi ni mtu ambaye hata kuitikia jina shuleni nilinong'ona, mwalimu akawa ananiandika sipo. Sikupiga kelele. Nilikwenda nyumbani nikachapa mgomba kwa fimbo mpaka fimbo ikavunjika.

Mama alinikuta hapo. "Huo mgomba umekukosea nini?"

"Mama, huoni wanavyokufanya?"

"Naona. Mimi siyo kipofu."

"Na bado unashukuru."

"Simshukuru yule mzee. Yule bado nina kesi naye. Namshukuru mwingine kabisa."

Sikuelewa, na sikutaka kuelewa.

Ugonjwa ulianza kama kikohozi. Wakati ule kila kijiji cha kwetu kilikuwa na nyumba zinazokwisha, na jina la ugonjwa halikutajwa kwa sauti. Watu walisema kifua, walisema amerogwa, halafu walianza kupita mbali na mlango wako. Mama alipungua mpaka gauni lake likawa linamzunguka. Mdomo ukajaa vidonda. Nilimpeleka hospitali ya misheni kwa baiskeli ya yule kijana wa Mabira, yeye akisukuma na mimi nimemshika mama kwenye kiti cha nyuma. Muuguzi akatupa dawa ya kusukutua, akaniita pembeni, akaniambia nimtunze vizuri. Nilijua maana yake.

Hakuomba kitu. Hakuomba nyama, hakuomba niwaite ndugu za baba. Jambo moja tu aliomba, akiwa amelala juu ya nyasi nilizomtandazia sakafuni kwa sababu kitanda kilimchoma mifupa.

"Mchungaji anakuja lini?"

"Wanasema Jumapili hii."

"Nataka kula mezani, mwanangu. Mara moja. Sitaki kufika kwake kama mtu aliyekuwa anachungulia mlangoni."

Basi nilikwenda kwa mzee wa kanisa. Njia nzima niliyarudia maneno ili yasinipotee. Nilimkuta anaanika kahawa kwenye jamvi, akizigeuza kwa mkono, taratibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia mama hajambo kidogo."

"Ana hali mbaya. Anaomba mchungaji aje nyumbani na mkate."

Aliendelea kugeuza kahawa. "Utaratibu unaujua, wewe umefundishwa kipaimara. Aliyetengwa husimama mbele ya watu, kwa miguu yake na kwa kinywa chake, akatubu kile alichotengewa. Ndipo anarudishwa. Siyo mimi niliyeuweka."

"Hawezi kutembea."

"Kwenye mtumbwi aliweza."

Nilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa kwamba mama hakuingia kwenye mtumbwi hata siku moja, kwamba mwanamke haingii, kwamba hata yeye anajua. Lilifika hapa kooni likakaa. Niligeuka nikaondoka, na nyuma yangu nikamsikia anasema, "Msalimie sana." Msalimie sana! Nilipita kwenye kahawa yake nikiwa nimefunga ngumi, na sijui ni nini kilichozuia mguu wangu usilipige teke lile jamvi.

Nilipomwambia mama, alifumba macho. Kisha akasema, "Kwani wakamuaji wangu wako wapi?"

Wakaja Jumapili alfajiri, wote watatu, na wa nne, mdogo wake yule wa Mabira. Walikuwa wametengeneza machela ya miti miwili na kamba za migomba, wametandika blanketi la Mrundi. Walikuwa wamenyoa ndevu. Mzee mwenye kigugumizi alivaa koti ambalo sikujua kama analo. Mrundi alikuwa Mkatoliki wa zamani sana, na wengine hawakuwa na kanisa lolote ninalolijua.

"Mama, shika pande zote," alisema kijana mnene walipoinua. "Leo tutakutikisa. Hatujaonja kitu tangu juzi, ndiyo maana miguu inatetemeka."

"Mmeacha kunywa kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya njia. Ile ya mtoni ukipita umelewa unaishia kwa samaki."

Mama alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, wakasimama wakangoja mpaka kikaisha. Walikwenda hivyo, wakisimama na kuendelea, wakibadilishana mabega. Watu waliokuwa wakienda kanisani walituona wakapisha. Wengine walitoka nje ya njia wakaingia kwenye kahawa za watu. Mwanamke mmoja tu, jirani yetu mwenye asili ya Rwanda kama mama, aliweka chini kapu lake akaja akamfunika mama miguu na kanga yake, akatembea nasi.

Mlango wa kanisa ulikuwa mwembamba. Machela haikupita. Wakainamisha upande mmoja, mama akateleza, Mrundi akamdaka, akaingia naye amembeba mikononi kama mtoto, na wenzake wakafuata na machela tupu. Wimbo ulikuwa unaendelea. Ukapungua, ukafa katikati ya ubeti. Walitembea mpaka mbele, wale walevi wa mama, kwa miguu yao iliyokanyaga mbire miaka yote ile. Mimi nilikuwa nyuma yao na macho yangu yalikuwa sakafuni.

Mchungaji alikuwa mtu mzima, amechoka na safari. Alimwinamia mzee wa kanisa, wakanong'ona. Kisha akasema kwa upole, "Mama, unataka kurudi kundini?"

"Nataka kula, baba mchungaji," mama akasema.

Mzee wa kanisa akasimama. "Utaratibu ni atubu. Asimame, aseme kwamba anatubu na kuacha pombe."

Mrundi alimshusha polepole. Mama akasimama, mkono mmoja umeshika koti la yule mzee mwenye kigugumizi.

"Natubu," alisema. Ilibidi watu wainame kusikia. "Ndugu za mume wangu niliwaombea mabaya, miaka miwili, kila usiku. Natubu. Siku ya mavuno, huyu mzee aliponadi mkungu wangu, nilimchukia. Nimemchukia mpaka wiki iliyopita. Natubu. Mwanangu nilimpiga siku moja kwa kosa la paka. Natubu."

Akapumua. Sikuikumbuka habari ya paka.

"Lakini rubisi siwezi. Niliiombea kila mara kabla haijakamuliwa. Ilinilisha na huyu mtoto. Nikisema hapa naitubu, nitakuwa namdanganya Mungu mbele ya mkate wake, na nikipona kesho nitakamua. Namshukuru kwa zile mbire. Watu walinipa kama takataka, yeye akazifanya chakula. Hayo ndiyo ninayo."

"Umesikia, mchungaji," alisema mzee wa kanisa. "Hajatubu."

Nilimwangalia mchungaji. Nilimwangalia kwa nguvu, kama mtu anayesukuma gari. Niliona anataka. Nasema kweli, niliona mkono wake unasogea. Lakini akawaangalia wazee waliopanga mstari kwenye benchi lao, akaangalia kitabu chake, na ule mkono ukarudi.

"Mama, kanisa lina taratibu zake," akasema. "Tutakuombea."

"Tu-tumembeba hivi kuja ku-kuombewa?" mzee mwenye kigugumizi akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Wakamlaza mama kwenye machela, pembeni, chini ya dirisha. Ibada ikaendelea. Wakaimba tena! Walipata wapi sauti za kuimba? Mama alifumba macho, midomo yake ikawa inafuata maneno ya wimbo. Mimi sikuimba. Ndani yangu kulikuwa na moto ambao sijawahi kuujua, haukuwa hasira ya kuchapa migomba, ulikuwa umetulia kabisa. Nilimwambia Mungu moyoni, wewe ukikubali jambo hili, basi mimi na wewe tumemalizana. Ndiyo sala niliyosali siku ile.

Wakati wa Meza ulipofika benchi letu likaitwa. Nikasimama na wenzangu, nikaenda, nikapiga magoti. Mchungaji alipita akiweka mkate kwenye viganja. Akaniwekea. Ulikuwa mdogo, mwembamba, mweupe, hauna uzito. Wenzangu wakala. Mimi nikafunga kiganja, nikanyanyuka, nikaacha mstari, nikaelekea dirishani.

Mtu mwenye haya anajua uzito wa kutazamwa. Siku ile kanisa zima lilinitazama, na nilitembea kama ninayekwenda kuchota maji. Nikapiga magoti kando ya machela, nikafungua kiganja.

Mama akaangalia mkate, akaniangalia mimi. "Umeuiba?"

"Nimepewa."

"Wewe umekula?"

"Bado."

"Basi tugawane."

Akauvunja kwa vidole vyake vilivyokuwa vimebaki mifupa. Haukuvunjika sawa. Akanipa kipande kikubwa, kama alivyofanya siku zote kwenye sahani, na mimi siku zote nilikataa kidogo kwanza. Siku ile sikukataa. Tukala. Chake kilimnasia kwenye vidonda, na yule mwanamke jirani akachovya ncha ya kanga kwenye maji akamlowesha midomo. Mama akameza. Akasema, "Asante," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama umempa kiti.

Mzee wa kanisa alikuwa amenifikia. Alinishika mkono, hapa juu, akanivuta. "Unajua ulichofanya? Unajua?" Mrundi akasimama, na Mrundi akisimama ni mrefu. Ndipo mchungaji akasema kutoka madhabahuni, "Mwacheni mtoto." Hakusema zaidi. Hakuja na kikombe. Lakini alisema hivyo, na nimemhesabia hilo.

Jumapili iliyofuata jina langu lilisomwa. Nimetengwa mpaka nitubu. Sijatubu. Nimejaribu kuona kosa langu, kwa sababu mama alinifundisha kutafuta, na nimepata makosa mengine mengi, lakini hilo silioni.

Njiani kurudi nilimwambia mama kwamba simtaki tena Mungu wa watu wale. Nilisema kwa sauti, wakamuaji wakasikia. Nilidhani atanikemea. Akaniambia, "Hasira yako mpelekee mwenyewe. Usiwaachie hawa, wataiharibu. Yeye ukimkasirikia hakutengi."

Alikufa siku chache baadaye, mchana, mimi nikiwa nimemshikia kikombe cha uji. Ringi haikugongwa. Nilikaa mlangoni nikaisubiri ingawa nilijua, na ilipopita saa ambayo ingekuwa imegongwa, kile kimya kiliniuma kuliko kilio chochote. Wakamuaji walichimba kaburi kule chini, katikati ya mbire, kwa sababu baba mkubwa alisema sehemu ya juu si yake. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Walikuja wanywaji wa rubisi kutoka pande zote, na familia za vibarua wa Kinyarwanda na Kirundi, na wanawake kadhaa wa kanisani kwetu waliokuja wamejifunika nyuso kana kwamba hatutawatambua.

Na mzee wa kanisa akaja. Alisimama ukingoni mwa kaburi, kofia mkononi, jeneza likiwa limeshateremshwa.

"Naomba niseme sala," akaniambia. "Si kama mzee wa kanisa. Kama jirani."

Wote wakaniangalia mimi. Mrundi alikuwa ameshika jembe, ameegemea. Maneno niliyoyakosa kwenye jamvi la kahawa yote yalikuwapo, tayari, na safari hii koo lilikuwa wazi. Ningeweza kumwaibisha mbele ya kila mtu. Nilimtazama usoni. Alikuwa amezeeka. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikutaka kuona hivyo, nilitaka aendelee kuwa yule wa mnada.

"Fukia kwanza," nikamwambia.

Nikachukua jembe kwa Mrundi nikampa. Akavua koti. Akafukia na wakamuaji, bega kwa bega na yule mnene wa Mabira, akitoka jasho, viatu vyake vikizama kwenye udongo wetu mwekundu, na hakuna aliyempokea mpaka kaburi likajaa. Alipomaliza alisubiri. Nilijua anasubiri nimruhusu.

Sikumruhusu. Nilisali mwenyewe, na ilikuwa mara ya kwanza sauti yangu kusikika mbele ya watu. Nilisema, "Mungu, asante kwa mama yangu. Kwa mengine bado nimekukasirikia, na nitakuja tuzungumze."

Watu hawakujua kama sala imeisha. Yule mzee wa kigugumizi akasema amina, akaisema yote mara moja bila kukwama, na wengine wakafuata. Mzee wa kanisa naye alisema. Nilimsikia.